Diski ya Brussels na Diski ya Bujumbura

Katika kompyuta ya nyumbani, kinachojaa kwanza ni diski. Prosesa hutumika miaka minane bila mwenye mashine kuiwazia, na skrini haichakai upesi. Diski hujaa kimyakimya, picha kwa picha, mpaka siku mashine inapokataa kuhifadhi barua ya ukurasa mmoja. Kwa hiyo kuchagua kompyuta ni kuamua pia vitu vya familia vitakaa wapi, na jambo hilo haliamuliwi kwa namna moja na Mrundi wa Brussels na nduguye aliyebaki Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Makosa mengi huanzia hapo: aliye Ulaya humnunulia aliye nyumbani mashine inayofaa Ulaya.

Brussels, intaneti ya nyumbani hulipiwa kwa mwezi na haizimwi. Picha za simu hupanda zenyewe mtandaoni, filamu hutazamwa bila kupakuliwa. Google hutoa giga 15 za bure, OneDrive giga 5, na anayetaka zaidi hukatwa pesa kidogo kwenye kadi ya benki kila mwezi. Mnunuzi huyo akichukua mashine nyembamba yenye diski ya giga 256, hapungukiwi kitu. Sheria nayo iko upande wake: bidhaa mpya ina dhamana ya kisheria ya miaka miwili, na iliyonunuliwa mtandaoni hurudishwa ndani ya siku 14. Mashine ikiwa imeunganishwa kwa gundi na memori yake kuchomelewa kwenye bodi, si neno. Ikiharibika, muuzaji ndiye atakayehangaika nayo.

Burundi haina pwani. Intaneti yake hufika kwa nyaya za nchi kavu zinazoanzia kwenye nyaya za baharini za Afrika Mashariki, na watu wengi wa Bujumbura huitumia kwa vifurushi vya simu vya Lumitel, Econet Leo au Onatel, vinavyohesabiwa kwa mega. Dakika moja ya video ya kawaida ya simu, ile ya 1080p, huchukua takriban mega 130. Saa moja ya sherehe ya mahari ni giga 8 kasoro kidogo. Kuipandisha yote mtandaoni kwa kifurushi ni kuchoma pesa, na kadi ya benki inayokubaliwa nje ya nchi si kitu kilicho katika kila pochi. Basi sherehe hubaki kwenye diski, pamoja na masomo ya watoto, picha za hati za kiwanja na filamu zilizoletwa na jirani kwa flashi. Kompyuta ya Bujumbura ni kabati la nyumba. Anayeinunua aanzie giga 512, au achukue 256 na kuongeza diski ya nje ya tera moja.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi siyo itakayoonekana kwenye skrini. Diski ya giga 256 huonekana 238, ya 500 huonekana 465, ya tera moja huonekana 931. Muuzaji hajapunja mtu: kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows huhesabu kwa 1,024. Mfumo wenyewe ukishajitandaza na masasisho yake, giga 30 hadi 40 huwa zimekwenda. Ndiyo maana mashine rahisi zenye giga 64 zilizochomelewa kwenye bodi hazifai hata kwa zawadi. Ni kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakikubali, na sasisho kubwa la kwanza linaweza kukosa pa kukaa.

Jambo la pili ni umeme. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili huweza kuharibika, na mashine ikiangushwa kichwa hukwaruza sahani. SSD, diski ya kisasa, haina kinachozunguka, huwasha mashine kwa sekunde chache, hula betri kidogo. Hata hiyo haipendi kukatiwa umeme ghafla, kwa hiyo kompyuta ya mezani bila UPS ni hatari katika mji ambao umeme huenda na kurudi. Laptopu ina UPS yake ndani, yaani betri, mradi betri iwe hai. Laptopu ya mtumba yenye betri iliyokufa ina udhaifu wote wa kompyuta ya mezani. Njia ya kuijua ni moja: dukani, mashine ichomolewe kwenye umeme na iachwe ikifanya kazi dakika 15 mbele ya mnunuzi.

Mitumba hufika Bujumbura kupitia Dar es Salaam, kutoka Dubai na Ulaya, na nyingine kwenye mabegi ya wasafiri. Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ambazo Windows 11 haizikubali ndizo zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Kwa prosesa za Intel, namba husomwa baada ya kistari: i5-8250U inakubaliwa, i5-7200U haikubaliwi. Hiyo ya pili si takataka. Ikiwekewa Linux Mint humtosha mwanafunzi miaka mingi, ila bei iendane na hali hiyo. Mashine ya Ubelgiji huingia moja kwa moja kwenye soketi za Burundi. Ya Kanada au Marekani huhitaji kichwa kingine cha plagi, na chaja yake ionyeshe 100–240V. Kompyuta ya mezani ya zamani kutoka huko yaweza kuwa na swichi nyekundu ya kuchagua volti nyuma, na ikiachwa kwenye 115, kisanduku cha umeme huungua papo hapo.

Tofauti kubwa zaidi iko kwa fundi. Brussels, saa moja ya kazi yake ni ghali kiasi kwamba mashine ya miaka sita huishia kwenye vyombo vya kukusanyia vifaa chakavu. Bujumbura, fundi hufungua skrubu kumi za chini, huinua kifuniko kwa kipande cha plastiki, huchomoa diski ya inchi 2.5 na kuchomeka SSD yenye umbo lilelile. Mchana mmoja, na mashine imezaliwa upya. Diski kuukuu haitupwi: huvalishwa kasha dogo la USB ikawa ghala la nje. Kwa hiyo anayenunua Ulaya kwa ajili ya nyumbani aigeuze mashine kabla ya kulipa. Kifuniko chenye skrubu, diski inayochomoka na nafasi ya memori iliyo wazi vina thamani kuliko wembamba.

Akimtayarishia nduguye Windows 11, asitumie akaunti yake mwenyewe. Mashine nyingi hufunga diski zenyewe kwa ufunguo wa tarakimu 48 unaohifadhiwa kwenye akaunti ya aliyeiwasha. Siku bodi ikifa na fundi wa Buyenzi akataka kuokoa picha, ufunguo utakuwa Brussels.

Kutunza nafasi ni kazi ya kila mwezi. Folda ya vilivyopakuliwa ndiyo huficha mengi: faili za kusakinishia programu, video za WhatsApp, nakala tatu za waraka mmoja. Baada ya Windows kupandishwa toleo, folda ya Windows.old hukalia giga nyingi na hujifuta baada ya siku 10. Asilimia 15 hivi ya SSD iachwe tupu, kwani ikijaa huwa nzito. Na muunganisho wa simu uwekewe alama ya kupimwa ndani ya Windows, masasisho yasimalize kifurushi usiku.

Flashi ikikataa filamu ya harusi ilhali ina nafasi, sababu huwa ni mpangilio wa FAT32, usiopokea faili moja inayozidi giga 4. Ikiformatiwa upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, hupokea. Flashi ya tera 2 kwa bei ya soda ni bandia: hukubali kila kitu, kisha hurudisha faili zisizofunguka. Programu ya H2testw huifichua.

Vilivyo vya thamani viwe na nakala mbili, katika nyumba mbili. Diski yenye sahani hufaa kuwekwa kabatini, kwa kuwa SSD isiyopata umeme kwa miaka huanza kupoteza ilichoshika. Hapo ndugu wa Ulaya anafaa kuliko hifadhi yoyote ya kulipia: akirudi kutoka likizo, diski ya tera moja huingia kwenye begi lake la mkononi, na likizo inayofuata huja nayo ili iongezewe mapya.