Kaburi Dogo la Beringen

Wenyeji wetu wa Beringen, kaskazini-mashariki mwa Ubelgiji, hawakutupeleka kwanza kwenye Msikiti wa Fatih, wala kwenye mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa mwaka 1989. Walitupeleka makaburini, kwa shangazi yao aliyefariki akiwa na miezi minne.

Baba yake alitoka Uturuki kufuatia mkataba wa kazi wa mwaka 1964. Ubelgiji ilihitaji wachimbaji. Italia ilikuwa imesita kuwatoa vijana wake tangu moto wa mgodi wa Marcinelle, mwaka 1956, ulioua watu 262. Mzee huyo alikusudia kurejea kwao. Msiba ukamkuta ugenini, na kichanga akazikwa katikati ya misalaba, kwa kuwa hapakuwa na sehemu ya Waislamu.

Marhumu mwenyewe alisafirishwa akazikwa kijijini kwake, kama wenzake wengi. Mjane wake ameusia vingine: alazwe Beringen, jirani na bintiye.

Lakini tangu sheria ya mwaka 1971, kaburi la kulipia halina umilele. Muda wake hauzidi miaka 50, kisha huombwa upya. La sivyo, mahali hapo huweza kupewa maiti mwingine (hilo lilitutia simanzi). Wajukuu wamekwisha kulipa. Bibi, mkono wake ukiwa juu ya jiwe, aliwauliza tena kama risiti imehifadhiwa mahali salama.