Kumwuza Maksai Aliyefundishwa Kazi

Mwenye farasi wa maonyesho na mwenye maksai wa plau wana shida moja siku ya kuuza. Mnunuzi huona nyama na ngozi. Miaka ya mafundisho haioni.

Kwetu Kitale kazi ya maksai si ngeni. Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 walikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe, na baadaye vijana wa Bungoma waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi walirudi makwao na ujuzi wa nira na plau.

Januari iliyopita nilikuwa na jozi ya kuuza, kwa kuwa karo ya shule ilinidai. Mwezi huo ni mbaya kwa mfugo wa kawaida, maana kila mzazi hupeleka mnyama sokoni na bei hushuka. Lakini maksai wa kulima hutafutwa sana, kwani mashamba hutayarishwa kabla ya mvua za Machi. Mchinjaji alitaka kunipa shilingi 75,000 kwa kila mmoja. Mzee mmoja wa Chwele, upande wa Bungoma, akataja 68,000.

"Mzee, kwanza utazame kazi yao," nikamwambia, nikawafunga nira. Mweusi hukaa kulia, akatembea ndani ya mfuo uliokwisha kulimwa. Mwekundu hukaa kushoto, juu ya ardhi ngumu. Ukiwabadilisha mahali, plau huyumba na mafundisho ya miaka sita huwa bure. Kwa hiyo sikukubali kuuza mmoja peke yake. (Wako wauzao hivyo, na mnunuzi akamfunga pamoja na ndama asiyejua nira. Sijui hulima nini.)

Kisha nikamwambia jambo ambalo dalali alinikonyeza nilifiche: mwekundu huruka akifunguliwa mwavuli ghafula mbele yake. Katika kulima kwetu mtoto ndiye hushika kamba mbele, na mtoto huyo angekuwa mjukuu wa mzee. Dalali akaguna. Mzee akafikiri, akauliza, "Na lori je?"

"Lori likipita hatikisiki."

"Basi, mwanangu, mwavuli utabaki nyumbani." Akapanda mpaka 74,000 kwa kila mmoja. Nikampa mkono. Mchinjaji alinishangaa, lakini elfu mbili si bei ya kuichinja miaka sita.

Tulichukua barua ya chifu, na kibali cha daktari wa mifugo cha kuwavusha mpaka wa kaunti. Nami nikafuatana nao Chwele nikakaa siku mbili, kwa sababu maksai husikia sauti kuliko mjeledi, na mjukuu ilimpasa ajifunze maneno yao. Siku ya kwanza alipiga kelele tu, wakasimama wakimtazama. Siku ya pili, alasiri, aliwageuza mwisho wa shamba nami nimekaa kimya chini ya mti. Nira yao niliwaachia, kwa maana shingo zao zilikuwa zimeizoea, na mzee akanilipa maharagwe debe mbili.