WENYEWE WA MSITU WA BWINDI

Mwezi wa Juni, nilipopata likizo yangu ya mwaka, nilifunga safari kwenda Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda. Sikwenda kutazama gorila. Nilikwenda kumwamkia dada yangu mkubwa, ambaye ameolewa huko na askari polisi, na kwa kuwa shemeji amepangiwa kazi katika wilaya ya mbali, dada huishi na watoto watano na shamba lake, vilima viwili kutoka Buhoma. Bila shaka wasomaji wengi wa gazeti hili wanaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Niliondoka Kampala alfajiri kwa basi, nikalala Rukungiri. Kesho yake nilipanda pikipiki kutoka Butogota, na kadiri tulivyopanda ndivyo vilima vilivyozidi kusongamana. Kila mteremko umelimwa mpaka juu: mtama, viazi, maharagwe, chai. Kisha ghafula, kama kwamba mtu amepiga mstari kwa rula, kilimo kinakoma na msitu unaanza. Upande huu watu wamebanana, na upande wa pili hakuna moshi hata mmoja. Dereva alinionyesha kwa kidevu, akasema, "Pale ndipo nchi ya Serikali inapoanzia."

Jina lenyewe la Bwindi latokana na kinamasi kilichomo ndani, upande wa Ruhija. Wazee husimulia kwamba zamani watu wa nyumba moja waliokuwa wakihama walifika penye kinamasi hicho wasiweze kuvuka, na mizimu ya maji ikawataka binti yao, Nyinamukari. Walikaa wakisitasita, mwishowe wakamtoa, na njia ikafunguka. Tangu hapo watu walipaogopa mahali pale. Hadithi hiyo niliisikia utotoni nikaichukua kuwa ya kutisha watoto. Safari hii niliisikiliza kwa namna nyingine, kama nitakavyoeleza.

Dada alinipokea kwa furaha, lakini kabla sijanywa uji alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. "Njoo uone jinsi wanyama wenu walivyonitembelea," aliniambia. Kwake yeye, kila kitu cha Serikali ni changu, kwa kuwa napokea mshahara wa Serikali. Migomba kumi na mmoja ilikuwa imelala chini, imepasuliwa katikati kama miwa. Wengi hudhani kwamba gorila hufuata ndizi. Sivyo. Huupasua mgomba wenyewe ili atafune moyo wake wenye majimaji, na mkungu mchanga huuacha matopeni.

"Ungewafukuza," nilisema.

"Kwa nini? Kwa ufagio? Dume lake ni kama wewe mara tatu." Kisha akaniambia kwamba wako wananchi wa kijijini waliofundishwa kuwarudisha gorila msituni polepole bila kuwadhuru, na kwamba walifika upesi kama kawaida yao, lakini gorila walikuwa wamekwisha kushiba.

Katikati ya mtama palisimama miti miwili iliyofungwa msalaba, mitupu. Niliuliza kwa nini sanamu ya kutishia ndege haina nguo. Dada alicheka akasema kwamba aliivika koti kuukuu la shemeji, na askari wa hifadhi akaja akamwomba alitoe. Ombi hilo lina sababu yake. Mwaka 1996 gorila wa upande huo wa Buhoma walishikwa na upele, wakanyonyoka manyoya, na mtoto mmoja akafa. Daktari wa wanyama, Bibi Gladys Kalema-Zikusoka, aliwatibu waliobaki wakapona, na ikaaminika kwamba ugonjwa ulitoka kwa binadamu, katika nguo chafu zilizovikwa sanamu za mashambani. Mwaka 2003 daktari huyo alianzisha shirika la kushughulikia afya ya wanyama na ya wanakijiji kwa pamoja. Hivyo mama wa nyumbani anayefua nguo za wanawe mlimani huenda anamkinga gorila asiyemjua.

Yafaa nieleze kwa kifupi hali ya msitu. Ulifanywa hifadhi ya misitu mwaka 1932, lakini kwa miaka mingi watu waliendelea kupasua mbao, kuchenjua dhahabu, kutega wanyama na kurina asali. Mwaka 1991 Serikali iliufanya Hifadhi ya Taifa, kilometa za mraba 331, na shughuli zote hizo zikakatazwa. Hasira ilikuwa kubwa hata mioto ikawashwa msituni. Mwaka 1994 shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Hesabu iliyofanywa mwaka 2018 ilipata gorila 459 katika Bwindi na kipande cha Sarambwe kilicho upande wa Kongo. Ukiwachanganya na wale wa milima ya Virunga, gorila wa milimani waliobaki duniani ni elfu moja na kidogo.

Mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola 800 ili awatazame kwa saa moja, na sisi wa Afrika Mashariki twalipa shilingi 300,000 za Uganda. Kundi moja la gorila hutembelewa na watu wanane tu kwa siku. Sehemu ya fedha za kiingilio hurudishwa kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Dada yangu alipata mbuzi jike kutoka katika fedha hizo, na hakatai kwamba mbuzi huyo amezaa mara mbili. "Lakini saa moja tu!" alisema. "Mimi nimewatazama asubuhi nzima bure, na nikalia." Nilipomweleza kwamba wageni wengine nao hutokwa na machozi wanapomwona dume la gorila, alinitazama kama mtu aliyelewa.

Nisiwafiche wasomaji. Kabla ya kuingia katika utumishi wa Serikali nilisomea ualimu nikapata cheti, na katika shule niliyopangiwa niliwaandikia watoto ubaoni faida tano za misitu: mvua, kuni, mbao, dawa na watalii. Waliziimba kwa sauti moja. Usiku wa siku ya tatu nilijua ya kuwa orodha yangu ilikuwa na pengo.

Ilikuwa yapata saa tano pembe ilipolia. Mke wa jirani alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu adhuhuri na mambo hayakuwa mazuri. Pikipiki isingeweza kushuka kwenye kile kijia kwa sababu ya mvua. Kila nyumba ikatoa mwanamume mmoja, na kwa kuwa shemeji hayupo, nyumba ya dada ikanitoa mimi. Katika nchi ya Wakiga kila kijiji kina chama chake cha machela, ambacho wenyewe hukiita engozi. Kaya yote huandikishwa, wanachama huchanga fedha kidogo, na asiyeitika pembe hutozwa faini. Machela yenyewe ni kama kitanda kirefu kilichosukwa chenye kingo, kikiwekwa juu ya miti miwili. Watu wanne hubeba, wengine hufuata nyuma tayari kupokea, na zamu hubadilishwa bila kusimama. Sisi wa ofisini tumezoea kupokezana mafaili tu. Nilianguka mara mbili, lakini mara zote mbili zamu yangu ilikuwa imepita, Mungu ashukuriwe.

Tulifika hospitali ya Buhoma kabla ya kupambazuka. Hospitali hiyo ilianza mwaka 2003 kama zahanati ya kuwatibu Watwa, na leo inatibu kila mtu. Mtoto alizaliwa kwa kupasuliwa mama, wa kiume, mzima. Tulipokuwa tumekaa nje tukikausha nguo, mwenyekiti wa chama aliipindua machela akatuonyesha upande wa chini. Masuke yalikuwa yamekatika mahali pengi. Mgongo wa yule mama ulikuwa umepita usiku kucha juu ya nyuzi chache.

Machela hiyo husukwa kwa mtambazi uitwao omujega, unaopanda juu ya miti mikubwa ndani ya msitu. Ni mgumu, haupindi vibaya, haulowi ukaoza. Vikapu vya kuchumia chai husukwa kwa mtambazi huohuo. Mashambani hauoti, na msituni unakua polepole mno, hata wataalamu wakahofu kwamba ukikatwa ovyo utakwisha. Kwa hiyo, katika miaka ya 1990, wakuu wa hifadhi na baadhi ya vijiji walipatana kwamba watu maalumu walioandikishwa waruhusiwe kuingia sehemu fulani za ukingoni, wachukue mitambazi ya kusukia na mizizi na magamba ya dawa kwa kipimo, na wafugaji nyuki waweke mizinga. Dada hupata kwa njia hiyo gamba la nyakibazi, dawa ya minyoo ya watoto. Katika kijiji chake, muda wa kibali cha omujega ulikuwa umekwisha na hakuna aliyeomba upya.

"Wewe unajua kuandika barua za Serikali," dada aliniambia. Ndivyo likizo yangu ilivyokwisha.

Siku ya Jumapili chama kilikutana chini ya mti. Barua ilitaka mambo matatu: majina ya watakaoingia, idadi ya vipande, na mahali mitambazi ilipo. Mawili ya kwanza yaliandikwa upesi. La tatu likawashinda. Vijana hawajaingia msituni ila kwa wizi, na wazee waliopasua mbao walikumbuka miti ya thamani, si mitambazi. Ikabidi aitwe mzee mmoja Mtwa anayekaa na jamaa zake kwenye kipande cha ardhi chini ya kilima.

Watwa waliishi katika msitu ule kabla yetu sisi wakulima. Mwaka 1991 walitolewa bila fidia na bila ardhi, wakawa vibarua katika mashamba ya watu. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba walinyimwa haki yao. Mzee huyo alikuwa ameisikia hukumu hiyo redioni. Nilipomwuliza imemletea nini mpaka sasa, alisema, "Imeniletea maneno mazuri, na mimi nimeyashukuru."

Siku nyingine hufanya kazi ya kuwaonyesha watalii jinsi ya kupekecha moto kwa vijiti na kutega mitego ya mchezo, nje ya mpaka. Nilimwomba anionyeshe nami. Alikataa kwa adabu. Alisema kwamba ile ni kazi, na leo ni Jumapili.

Nikamwuliza kama Watwa waliwahi kula gorila. Alikunja uso, akasema waliwinda nguruwe mwitu na paa, lakini gorila alikuwa jirani, wakikutana kila mtu alipita njia yake. Hapo mazungumzo yakaingia katika habari ya Rafiki, dume lililoongoza kundi la Nkuringo upande wa kusini. Mwezi Juni 2020, hifadhi ilipokuwa imefungiwa watalii kwa sababu ya korona, Rafiki alichomwa mkuki akafa. Mwuaji alisema kwamba alikuwa akiwinda wanyama wadogo, gorila akamvamia. Alifungwa miaka 11. Mwanachama mmoja alinung'unika kwamba mtu anafungwa miaka yote hiyo kwa ajili ya mnyama. Mwenyekiti akamkumbusha mwaka 1999, maharamia wa Interahamwe walipovuka kutoka Kongo wakawaua watalii wanane na mhifadhi mmoja pale Buhoma. Wageni walikoma kuja, na kazi za vijana wa kijiji zikafa. Baada ya hapo jeshi liliwekwa kulinda, na wageni wakarudi. Baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu huenda mlikesha katika mvua ile. Wanakijiji wanawakumbuka, ijapokuwa yule aliyenung'unika hakukubali kushindwa.

Yule mzee hakujiingiza katika ubishi huo. Alikuwa amekwisha kuchukua kijiti, akachora ardhini kijito, maporomoko, mti ulioanguka, kisha mto mwingine. Aliweka vijiwe sita. Palikuwa na omujega wa kutosha penye vijiwe vinne, alisema. Penye viwili vilivyobaki usiguswe, kwa kuwa ulikuwa mchanga.

"Mzee, ulikuwa mchanga lini?" niliuliza.

Alifikiri. "Mwaka tuliotoka."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amesimama pale kwa mara ya mwisho zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na alikuwa akituonya juu ya mimea ambayo sasa huenda ni minene kama mkono wa mtu. Nilinakili mchoro wake kwenye karatasi. Mhazini, ambaye ndiye dada yangu, alitaka apewe shilingi elfu kumi kwa usumbufu.

Mzee alizitazama zile fedha asizipokee. Aliuliza, "Mkiisuka hiyo machela, mimi nikiugua mtanibeba?"

Pakawa kimya. Mimi sikujua mpaka saa ile kwamba katika daftari la chama hapakuwa na Mtwa hata mmoja. Walipougua walibebana wenyewe mgongoni. Mwanachama mmoja alianza kusema kwamba Watwa hawana ardhi, leo wako hapa kesho hawapo, nani atawadai michango. Mwingine aliuliza kama tutabebana nao bega kwa bega. Ndipo nilipoikumbuka ile nyumba iliyosimama ukingoni mwa kinamasi, wakiangaliana nani atolewe ili wengine wapite.

Dada yangu si mtu wa hotuba. Alizirudisha zile elfu kumi ndani ya sanduku, akafungua daftari, akasema, "Hicho ndicho kiingilio chake, amekwisha kukilipa. Atakayekataa na aende yeye akaitafute omujega." Kisha akanisukumia kalamu, kwa kuwa mimi ndimi mwenye mwandiko mzuri. Nikaandika jina la mzee, likawa la 58, na chini yake, kwa agizo lake mwenyewe, majina ya wanawe wawili, maana yeye mabega yake yamekwisha na wao ndio watakaoitika pembe.

Barua niliipeleka mwenyewe ofisini kwa wahifadhi Jumatatu, njiani kurudi Kampala. Kijana aliyeipokea aliutazama ule mchoro kwa muda mrefu, akauliza ni nani aliyeuchora.