Gramafoni Tano za Mama Mkwe

Akina mama wenzangu, tukiulizwa mama mkwe anapenda chakula gani, wengi wetu tutajibu bila kusita. Tutasema anapenda ndizi za nazi, au chai isiyo na sukari kwa sababu ya ugonjwa. Lakini tukiulizwa ni kitu gani kinachomfurahisha moyo akiwa peke yake chumbani, wengi tutatazamana. Tumezoea kumfikiria mama mkwe kama mama wa mume, bibi wa watoto na mgonjwa wa kutunzwa. Ni nadra kukumbuka kwamba naye aliwahi kuwa msichana mwenye kitu chake alichokipenda.

Mama mkwe wangu alipenda muziki, na aliupenda kupitia gramafoni. Katika maisha yake alikuwa na gramafoni tano. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kanisani nahudumu katika kikundi cha kuwatembelea wagonjwa. Nawaandikia habari za gramafoni hizo kwa sababu siku kiharusi kilipomchukulia maneno, ndizo zilizotusaidia kumpata tena.

Ya karani wa mkonge

Gramafoni ya kwanza ilikuwa ya baba yake, aliyekuwa karani katika shamba la mkonge karibu na Muheza. Ilikuwa sanduku lenye mkono wa kuzungusha, haikuhitaji umeme wala betri. Mama alizaliwa mwaka 1946, na alipokuwa na miaka minane hivi kazi yake ikawa kujaza springi na kubadilisha sindano. Sindano zilikuwa za chuma, zikakaa ndani ya kikopo kidogo cha bati, na kila upande wa santuri ulitaka sindano mpya.

Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika. Zilitengenezwa kwa utomvu unaotolewa na wadudu wa India, na zilivunjika kama sahani ya udongo. Upande mmoja ulicheza dakika tatu hivi tu. Baba yake alikuwa Mkristo wa kusali kila Jumapili, lakini alikuwa na santuri ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa. Jioni majirani, Wakristo kwa Waislamu, walikaa ukumbini kumsikiliza. Mama alizoea kutuambia kwamba katika nyumba yao watu walijifunza kunyamaza pamoja kabla hawajajifunza kuongea pamoja.

Redio-gramu ya ndoa

Aliolewa mwaka 1966 na kijana wa reli. Mwaka 1969 wakanunua redio-gramu, ile ya kabati la mbao lenye miguu minne, redio upande mmoja na gramafoni upande mwingine. Msisahau kwamba fedha hazikutoka kwa mume peke yake. Mama alikuwa na cherehani, na nusu ya bei ilitokana na magauni aliyoshona usiku.

Kufikia hapo santuri zilikuwa zimebadilika. Kampuni ya Columbia ya Marekani ilikuwa imeleta santuri ndefu za plastiki mwaka 1948, zinazozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na mwaka uliofuata RCA Victor ikaleta zile ndogo za mara 45. Santuri ndefu ilicheza dakika ishirini na zaidi upande mmoja. Mama alisema kwamba hapo ndipo alipoweza kukata gauni zima bila kuinuka.

Tanga ya siku zile ilikuwa mji wa muziki. Kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwa upande wa dansi, na Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu. Mama alinunua santuri zao, akanunua na za Salum Abdallah wa Morogoro, aliyekwisha kufariki katika ajali mwaka 1965. Pembeni yake alikuwa na Jim Reeves, ambaye nyimbo zake za Krismasi zilipendwa sana na Wakristo wa nchi zetu.

Kuna wazee wa kanisa waliomjia wakimlaumu kwamba mwimbaji wa kwaya hapaswi kuweka dansi nyumbani. Mama aliwapa chai, akawawekea santuri moja, akawaomba wasikilize maneno kisha wamwambie dhambi iko wapi. Ulikuwa wimbo wa kumwonya kijana asimtelekeze mama yake. Wazee walimaliza chai wakaaga kwa heshima.

Betri za kuanika juani

Mwaka 1975 mumewe alihamishiwa stesheni ndogo kwenye reli ya Tanga na Moshi, mahali pasipo umeme. Redio-gramu ikafunikwa shuka ikawa meza. Mama akapata gramafoni ya tatu, Philips ya mkoba ambayo kifuniko chake ndicho spika, na ilitumia betri kubwa.

Miaka ya mwanzo ya themanini mnaikumbuka nyinyi mliokuwa wakubwa. Sabuni, sukari, nguo na betri vyote vilikuwa adimu. Mama alikuwa akianika betri juani kwenye bati ili zipate nguvu kidogo, kisha anasikiliza wimbo mmoja tu kwa juma, Jumamosi jioni. Usiku mmoja mume wangu, wakati huo mtoto wa miaka saba, alipandwa na homa kali. Mama alizitoa betri zote kwenye gramafoni, akazitia kwenye tochi, akambeba mgongoni mpaka zahanati. Gramafoni ile ilikaa kimya karibu mwaka mzima baada ya hapo. Mume wangu anasimulia kwamba hakumsikia mama yake akiitaja hata mara moja.

Ya nne, na ile iliyowekwa rehani

Mumewe alifariki mwaka 1987, akarudi Tanga mjini na watoto wanne. Mwaka 1989 kaka yake aliyekuwa baharia alimletea gramafoni ya Kijapani, nyembamba, inayozungushwa na mkanda wa mpira. Mkanda huo ulipolegea, mwimbaji aliburuta sauti kama mlevi. Vipuri havikupatikana, lakini Mama alikuwa fundi cherehani na mambo ya mikanda aliyajua. Alishona pete ya lastiki nyembamba, akaipima mara tano, na muziki ukarudi.

Mwaka 1990 mume wangu alichaguliwa kuingia sekondari. Hapakuwa na ada. Mama aliipeleka redio-gramu, zawadi ya ndoa yake, kwa mwenye duka akaiweka rehani. Alishona sare za shule mwaka mzima ndipo akaikomboa. Mwenye duka aliirudisha ikiwa na mkwaruzo mrefu ubavuni, na Mama hakuruhusu mtu aupake rangi.

Nilipoolewa mwaka 2005 nilimkuta akiishi na gramafoni hizo nne na santuri zaidi ya mia mbili. Zilisimama wima kama vitabu, mbali na dirisha, kwa sababu jua huzipinda na zikilala kwa kurundikana huharibika. Kila moja aliipangusa kwa kitambaa laini kabla ya kuicheza, akifuata mzunguko wa mistari yake. Binti yetu alipofika miaka mitano, Mama alimfundisha kushika santuri kwenye ukingo bila kugusa uso wake.

Siku maneno yalipoondoka

Mwaka 2018 Mama alipatwa na kiharusi. Kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi hapo ndipo ulipo uwezo wa kusema. Mkono na mguu wa kulia vililegea. Alituelewa tulipozungumza polepole, lakini akitaka kujibu hakutoka neno, au lilitoka neno moja lisilohusika.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali tulikaa kikao cha familia. Tulihitaji fedha za kiti cha magurudumu na za mazoezi ya viungo. Shemeji yangu mkubwa alisema jambo la busara kwa upande wake: kuna mnunuzi wa vitu vya zamani kutoka Dar es Salaam, watu wa nje wanazitafuta sana santuri za Afrika, na Mama hawezi tena kuzitumia. Tuuze zote. Mume wangu alikataa, akiwaza ada yake na ule mkwaruzo. Sauti zikapanda. Mama alikuwa amekaa papo hapo, machozi yakimtoka, na hakuna aliyemtazama.

Niliwaomba tumuulize mwenyewe. Mtu akajibu kwamba hawezi kusema. Nikawaeleza kile tunachofundishwa sisi wauguzi: kupoteza usemi si kupoteza akili. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuamua, ila anahitaji muda, maswali mafupi na kitu cha kuonyesha kwa kidole.

Tukamsogeza mpaka zilipo. Alitumia mkono wa kushoto. Redio-gramu aliipapasa kwenye mkwaruzo, kisha akaisukuma kuelekea mlangoni. Philips ya mkoba nayo akaisukuma. Gramafoni ya baba yake aliielekezea kidole, halafu akamwonyesha shemeji, yule yule aliyetaka kuuza. Shemeji alitoka nje, akakaa huko kwa muda. Ile ya Kijapani Mama aliikumbatia. Santuri alizipanga mafungu mawili tangu adhuhuri hadi jioni, na zilizobaki zilikuwa arobaini na moja. Fungu lililouzwa lilinunua kiti na kulipia mazoezi ya miezi mingi.

Wimbo unavyopita mlango mwingine

Wiki chache baadaye, katika sala ya jioni, tulianza wimbo wa kitabuni anaoujua tangu utotoni. Kwenye ubeti wa pili tukasikia sauti ya nne. Mama alikuwa anaimba, na maneno yalikuwa kamili.

Nyumbani walidhani ni muujiza. Mimi nilimshukuru Mungu, na pia nilijua kwamba jambo hili linafahamika. Kuimba hutegemea sehemu nyingi za ubongo, pamoja na upande wa kulia, kwa hiyo mtu aliyepoteza usemi mara nyingi huweza bado kuimba. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza njia ya kumfundisha mgonjwa kusema kwa kutumia sauti ya kupanda na kushuka huku akigongagonga kwa mkono wa kushoto. Haimsaidii kila mtu, wala haichukui nafasi ya hospitali. Kwetu ilisaidia kiasi.

Kila asubuhi tuliweka santuri moja, akaimba nayo. Kisha tuliichukua sauti ile tukatia maneno ya nyumbani: nataka maji, nifunge dirisha, mwite Baba Neema. Mwaka 2019 nilimnunulia gramafoni ya tano, ndogo, ya kuunganishwa na kompyuta, na binti yetu akahamishia nyimbo zile kwenye simu ili Mama azisikilize hata akilazwa. Kwa miezi ile alirudisha majina ya wajukuu wote na sentensi fupi ishirini hivi. Mazungumzo marefu hayakurudi kamwe. Kuna siku alikasirika akagonga meza, na kuna siku alikataa kuimba kabisa, nasi tulimwacha apumzike.

Alifariki mwaka 2022. Gramafoni ya Kijapani iko kwa binti yetu, na bado inatumia ule mkanda wa lastiki.

Tufanye nini?

Kwanza, tuzijue dalili za kiharusi: mdomo kwenda upande, mkono kulegea ghafla, maneno kukorogeka. Ukiziona, mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Na presha ipimwe mara kwa mara hata kama mtu hajisikii vibaya.

Pili, mgonjwa asiyesema tusimjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Tumuulize kwa swali moja moja, tusubiri jibu, hata likichukua adhuhuri nzima.

Tatu, dada yangu, mtafute mama mkwe wako wiki hii umuulize alipenda nini alipokuwa msichana. Labda ni ususi wa ukili, labda ni mpira wa mikono, labda ni wimbo mmoja tu. Mimi niliyafahamu ya Mama kwa sababu kwa miaka kumi na mitatu alinisimulia huku akishona na santuri ikizunguka. Kama nisingeyasikia wakati ule, siku ya kile kikao nisingekuwa na la kusema kwa niaba yake. Muulize mapema, angali na maneno ya kukujibu.