INI LA MLINGOTINI

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, kabla hajaufikia mji, hukata kulia akaingia Mlingotini, kijiji cha minazi, mikoko na hori tulivu ambamo kina mama hulima mwani. Mimi nilifuata bahari. Habari za malisho nilizipata buchani.

Nilitaka ini la kupika asubuhi. Mwuza nyama alilipasua mbele yangu. Kisu kikakwaruza kama kilichogusa mchanga, na katika mirija ya nyongo wakatoka minyoo bapa, mfano wa majani madogo. Akalitupa lote.

"Huyu alikunywa Ruvu," akasema.

Alisema nusu ya kweli. Kiangazi, nyasi za bara zinapokauka, wafugaji hushusha makundi yao kwenye mabonde ya mto Ruvu. Huko ndiko akaako konokono mdogo wa majini. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, huanguliwa majini, na vijidudu vyake hukua ndani ya konokono kisha hutoka na kujibandika kwenye majani ya ukingoni. Ng'ombe huula ugonjwa pamoja na malisho.

Mzee aliyemleta ng'ombe yule alikuwa bado kibarazani, akingojea salio la fedha yake. Nikamwuliza kwa nini hakumpa dawa.

"Nilimpa, mwanangu. Tukiwa bado bondeni."

Hapo ndipo penye kasoro. Dawa nyingi huua minyoo iliyokomaa tu. Michanga, ambayo bado inatoboa ini, huokoka. Naye mnyama aliyekunywa dawa leo, kesho huyala majani yale yale. Dawa yafaa itolewe kundi linapoondoka bondeni mvua zikianza, kisha irudiwe baada ya majuma kadhaa, ili mayai yasipelekwe kwenye madimbwi ya masika. Mzee alilijua hilo. Lakini kundi zima lataka fedha, na ili kuipata huna budi kuuza ng'ombe. Basi huwanywesha waliokonda tu, na walionenepa hubaki na mayai yao. Na huko bara wangojewa na kupe wa ndigana kali, ambao dawa ya minyoo haiwagusi. Hao ni wa josho.

Kwa mama wa nyumbani nitaongeza hili: ini lenye minyoo halimwambukizi mlaji. Wa kuhadhari ni mboga za majini ziliwazo mbichi.

Mzee alihesabu fedha zake mara mbili, akauliza bei ya dawa mjini Bagamoyo. Mimi nilinunua samaki.