Redio ya Mjapani na mzee wangu

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongee redio za magari. Najua wengi mnaopita hapa mna Vitz, IST au Corolla, au basi mnapewa lifti na shemeji mwenye nayo. Na najua wengi mnaishi na ugonjwa ule ule: redio inaishia 90, ukibonyeza tena inarudi 76. Halafu mnasema stesheni fulani "haishiki".

Inashika. Tatizo ni kwamba gari lilikuja Dar, redio yake ikabaki Japani.

Kisa chenyewe ni hiki. Sehemu kubwa ya dunia, sisi tukiwemo, FM inaanzia megahezi 87.5 hadi 108. Wajapani wao waliitenga 76 hadi 90, kwa sababu kuanzia 90 hadi 108 walikuwa wameshaweka televisheni, chaneli ya 1, ya 2 na ya 3. Televisheni yao ya analojia ilizimwa mwaka 2011, isipokuwa mikoa ya Iwate, Miyagi na Fukushima iliyosubiri hadi 2012, na baada ya hapo wakaanza kuisogeza FM mpaka karibu na 95. Lakini gari lililoundwa kabla ya hapo halina habari na mabadiliko hayo. Usukani uko kulia kama tunavyotaka, kila kitu sawa, ila redio inaongea Kijapani. Ndiyo maana hapa mjini unapata Clouds ya 88.5 na Wasafi ya 88.9, ukitafuta EFM ya 93.7 unaambulia kimya.

Sasa mzee wangu ana Toyota ya namna hiyo. Kila siku saa moja kasoro anatoka nyumbani kwenda dukani kwake Mbagala, na foleni ya Kilwa Road mnaijua wenyewe. Saa moja kamili mimi nasoma taarifa ya habari, kwenye redio ambayo namba yake iko juu ya 90. Miaka mitatu nimesoma habari asubuhi na baba yangu yuko barabarani, na hajawahi kunisikia hata siku moja.

Lingekuwa jambo dogo kama si historia yetu. Mzee alitaka nisome uhasibu. Nilipomwambia nakwenda kusomea uandishi wa habari hakugomba, alisema tu, "Haya." Mnaomjua mtu wa aina hiyo mnajua uzito wa hiyo "haya". Na majirani wakimuuliza kijana anafanya kazi wapi, anajibu, "Yuko kwenye redio moja hivi, haina nguvu, huku haifiki." Redio yenyewe inasikika mpaka Kibaha, jamani!

Fundi wa kwanza aliniambia, "Kaka, weka ekspanda, dakika kumi tumemaliza." Ekspanda ni kile kidude kinachochomekwa kati ya antena na redio, kinashusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 18, stesheni ya 100 unaipata kwenye 82. Ni rahisi na wengi wamekiweka. Ila fanya hesabu: sisi tuna megahezi 20 za stesheni, redio ya Kijapani ina nafasi ya 14. Kuna zitakazobaki nje, na kwa kushusha 18 zinazobaki nje ni zile za chini ya 94. Stesheni anayoipenda mzee iko chini ya 90. Yaani ningemwekea ekspanda, ningemlazimisha achague kati ya redio yake na yangu. Naijua familia yangu, nisingeshinda.

Kwa hiyo nikanunua redio nyingine kabisa pale Kariakoo, na nikaamua kuifunga mwenyewe Jumapili, nyumbani, mzee akiwa amekaa barazani anajifanya anasoma gazeti.

Kwa mnaotaka kujaribu, haya ndiyo mambo ya msingi.

Kwanza toa waya wa hasi kwenye betri, spana namba 10 inatosha. Kisha vuta taratibu fremu ya plastiki inayozunguka redio, imeshikwa na vibano, usitumie bisibisi bila kitambaa maana itaacha alama. Ndani utakuta boliti zinazoshika redio, nyingi nazo ni namba 10. Ukiona nyaya au soketi za njano zimefungwa peke yake, hizo mara nyingi ni za airbag. Ziache kama zilivyo.

Pili, na hapa ndipo watu wanapounguza vitu: usiunganishe nyaya kwa kufananisha rangi. Redio za madukani, njano ni umeme wa betri muda wote, nyekundu ni umeme unaokuja ukiwasha swichi, nyeusi ni ya bodi, na ya bluu inatoa umeme kwenda kwenye antena. Toyota wana lugha yao. Kwao umeme wa muda wote ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, wa swichi ni kijivu, wa bodi ni kahawia. Nyeusi na njano kwao ni spika ya nyuma kushoto! Ukifuata rangi, umeme wa betri unaupeleka kwenye waya wa antena, na redio mpya inaweza kufa kabla haijasalimia. Dawa ni kununua soketi ya kuunganishia ya Toyota, ina kichwa cha pini 10 na cha pini 6, unaunganisha upande wa redio ukiwa umekaa mezani, bila kukata waya wa gari hata mmoja. Na bado pima kwa tesita, maana hujui fundi aliyetangulia alifanya nini humo.

Tatu, waya wa hasi wa spika usiufunge kwenye bodi. Redio za sasa zinasukuma sauti kwa nyaya zote mbili, ukiugusisha bodi unaunguza redio. Na usidanganyike na boksi lililoandikwa wati 50 mara 4. Gari linatoa volti 14.4, spika ni omu 4. Ukipiga hesabu, kwa spika moja hupati zaidi ya wati 26 hivi kabla sauti haijaanza kukwaruza.

Nne, tundu la Toyota nyingi lina upana wa milimita 200, redio ya kawaida ya ukubwa ule ina 178. Nunua vile vipande vya plastiki vya kuziba pembeni. Usisahau pia waya wa bluu kama antena ya gari inahitaji umeme, la sivyo utadhani redio ni mbovu.

Kabla ya kufunga nikarudisha betri, nikajaribu kulia, kushoto, mbele na nyuma. Nikazima swichi, nikawasha tena kuona kama stesheni zimebaki. Zilibaki. Nikaweka ya mzee kitufe namba 1, ya kwetu namba 2. Sikumwambia chochote kuhusu namba 2. Alikuja akakaa, akabonyeza namba 1, akasikiliza, akasema, "Haya."

Jumatatu nilisoma taarifa kama kawaida. Jumanne hivyo hivyo, Jumatano pia, kimya. Kila nikitoka studio naangalia simu. Nikaanza kusema moyoni, sawa, ana haki ya kusikiliza anachotaka, gari ni lake.

Alhamisi saa moja na dakika ishirini simu ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unasoma mbiombio. Ile habari ya mafuriko ya Rufiji umeikimbia, hata jina la kijiji sikulipata. Punguza mwendo, watu wazima tunasikiliza."

"Sawa baba."

"Na jana ulikuwa na mafua. Kunywa tangawizi."

Akakata. Jana, kumbe.