Je, Padre, Utambatiza?



Wapendwa waamini, juma hili naomba mniruhusu nianzie mbali kidogo, yaani angani, kisha taratibu tutashuka hadi hapa kwetu Babati.

Nilipokuwa mtoto, televisheni ilikuwa jambo la kusimuliwa tu. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni hadi mwaka 1994. Sisi wavulana tuliipata elimu yetu ya sinema katika kibanda cha video, chumba cha mabati chenye mabenchi machache, jenereta ikinguruma nje. Humo ndimo nilimomwona E.T., kiumbe mwenye shingo ndefu katika filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1982, aliyeachwa duniani na wenzake na kufichwa na watoto. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, nasi Kiingereza hatukukijua. Kijana mmoja aliyetuzidi umri, na aliyedai kukijua, alijitolea kutufasiria. Kiumbe yule aliponyoosha kidole kuelekea angani, akitamani kurudi kwao, mfasiri wetu alitutangazia kwa uhakika mkubwa kwamba anatabiri mvua. Tulimwamini. Nilikuwa nimekwisha kuingia seminari nilipogundua kwamba mvua haikuwamo kabisa katika hadithi ile.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya darasa la Kipaimara la Jumamosi iliyopita. Vijana wetu siku hizi huzitazama filamu hizo za zamani katika simu za kaka na dada zao, na siku hiyo waliniandalia mtihani. Wa kwanza aliuliza: kama katika filamu ya mwaka 1985 mtu anapanda gari na kurudi miaka thelathini nyuma, je, akiwa huko aungame dhambi ambazo bado hajazitenda? Nilimjibu kwamba swali hilo nitalipeleka kwa Askofu.

Wa pili aliuliza kuhusu HAL, kompyuta ya filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968, ambayo inawaua wanaanga na baadaye, inapozimwa, inasema kwamba inaogopa. Je, imetenda dhambi? Hapo nilifurahi, kwani katekisimu ilipata kazi. Dhambi ya mauti yadai mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtendaji awe na ufahamu kamili, na aridhie kwa hiari yake. Tukakubaliana kwamba jambo lilikuwa zito kweli, lakini hiari ya mashine bado hatujaiona. Kwa hiyo anayepaswa kujichunguza dhamiri kwanza ni yule aliyeiunda na kuiagiza. Nadhani jibu hilo latufaa pia katika siku hizi za akili mnemba.

Kisha binti mmoja, ambaye kwa kawaida hanyoshi mkono, akauliza: “Padre, kiumbe kutoka sayari nyingine akishuka hapa kando ya Ziwa Babati na kuomba ubatizo, utambatiza?”

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka, maana swali hilo lina wazee wake. Mwaka 2014 Bruda Guy Consolmagno, Mjesuiti na mwanaastronomia, alichapisha pamoja na Padre Paul Mueller kitabu ambacho jina lake ni swali hilohilo. Bruda huyu aliongoza Kituo cha Vatikani cha kuchunguza nyota kuanzia mwaka 2015 hadi 2025. Lakini kabla ya kuingia utawani, katika miaka ya themanini, alikuwa ameanza kujiuliza kwa nini ahangaike na nyota wakati watu wanakufa njaa. Akaacha kazi yake, akaja kufundisha kwa kujitolea nchini Kenya kwa miaka miwili. Huko alikuta kwamba watu aliodhani wanahitaji mkate tu walitaka pia kusikia habari za nyota, na walipochungulia mwezi katika darubini yake walistaajabu kama alivyostaajabu yeye. Basi asiwepo mtu wa kutuambia kwamba maswali ya namna hii ni anasa ya walioshiba.

Tena, mwezi Mei mwaka huohuo wa 2014, Baba Mtakatifu Fransisko, katika mahubiri ya Misa ya asubuhi, aliwataka wasikilizaji wafikirie wageni kutoka sayari ya Mirihi, wa kijani, wenye pua ndefu na masikio makubwa kama watoto wanavyowachora, na mmoja wao anaomba ubatizo. Alikuwa akifafanua Matendo ya Mitume, sura ya kumi na moja, ambapo Petro analaumiwa kwa kuingia katika nyumba ya Kornelio, mtu wa mataifa. Petro anajitetea kwamba Roho Mtakatifu alitangulia kufika. Yeye alikuwa nani hata aweze kumzuia Mungu?

Nikawaambia vijana wangu: naam, nitambatiza. Akiwa ana akili na utashi, akimwamini Kristo na kuomba mwenyewe, maji ya Babati yatamtosha. Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Binti yule hakuketi. Akauliza tena, kwa sauti ya chini: “Hata kama baba yake hajulikani?”

Wenzake wakacheka tena, wakidhani anaendeleza mchezo, maana nani angemjua baba wa kiumbe wa angani? Mimi nilinyamaza. Majuma matatu kabla ya siku hiyo, mama mmoja kijana alikuja ofisini kwangu akiwa na mtoto mchanga mgongoni, akaomba tumbatize. Nilimuuliza baba wa mtoto yuko wapi. Alitazama chini. Nikamwambia arudi atakapokuja naye.

Sikuwa na nia mbaya. Nimechoka kuona wanaume wakikimbia majukumu yao, nami natamani kila mtoto alelewe katika ndoa takatifu. Lakini aliyekimbia hakuwapo kulisikia onyo langu. Aliyeadhibiwa ni yule aliyekuja, pamoja na mtoto ambaye hata shingo yake ilikuwa bado haijakaza. Wala sikuwa na Sheria ya Kanisa upande wangu. Kanuni ya 868 yaridhika na kibali cha mzazi mmoja, pamoja na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa ndipo ubatizo huahirishwa. Mama yule alikuwa amepanda mguu hadi parokiani mwenyewe, bila kuitwa na mtu. Tumaini gani la msingi nililokuwa nalitafuta zaidi ya hilo?

Iko filamu ya mwaka 1951 ambamo mgeni wa angani anashuka katika chombo chake, anatoa zawadi aliyoileta, na askari mmoja kwa woga anampiga risasi. Zamani nilimhukumu sana askari yule.

Juzi jioni nilikwenda nyumbani kwa mama huyo. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi, mtoto amelala kwenye mkeka kando yake. Aliponiona alisimama haraka, akaniamkia, na niliona usoni mwake kwamba alidhani nimekuja kumkaripia. Nilimwomba msamaha. Nikamwambia kwamba nilikosea, na kwamba tunamngojea yeye na mwanawe.

Hakujibu upesi. Alipangusa mikono kwa kanga, akamtazama mtoto, kisha akasema, “Nimekusikia, Padre. Nitafikiri.” Sikumhimiza. Nilikuwa nimemfanya angoje majuma matatu. Haki yake nami ningoje kidogo.

Wapendwa, sitarajii chombo kushuka kando ya ziwa letu juma hili. Lakini katika jumuiya zenu ndogo ndogo wapo watu wanaopita mbali na milango yetu kwa sababu siku moja mtu, labda paroko wenu, aliwaambia warudi baadaye. Waendeeni. Nami mniombee.

Nawatakieni Dominika njema.

Padre wenu, Babati